Mume Wangu Alivyoizima Kromu

"Shoga, umesharudi kwako?"

Ilikuwa saa saba mchana. Aliyepiga simu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi nilikuwa nimejilaza chumbani kwa dada yangu mkubwa, pazia zito limefungwa, miwani myeusi usoni.

"Sijarudi. Bado niko kwa dada."

Akashusha sauti. Jirani yangu huyo si mtu wa kunong'ona, kwa hiyo nikainuka nikakaa.

"Basi nani anakausha nywele kwako?"

"Unasema?"

"Leo siku ya tatu. Kila mchana anakuja msichana mmoja, kavaa suruali, kabeba begi. Akiingia, mumeo anafunga geti. Haupiti muda, nasikia ile draya yako ya nywele inanguruma. Naijua sauti yake, si ndiyo unayoniazima kila siku. Mimi sisemi kitu, shoga. Nakwambia nilichosikia tu."

"Na mume wangu anakuwa wapi?"

"Humo humo. Jana nimemsikia kwa masikio yangu anasema, 'Polepole, usiivute.' Sasa mimi sijui kinachovutwa."

Nilikata simu bila kuaga.

Ngoja niwaambie tulifikaje hapo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya maharusi. Mume wangu anawaendesha maharusi haohao. Ana gari jeusi la zamani, refu, la heshima, na mtaa mzima unamwita Kioo kwa sababu ya kromu ya hilo gari, yale mapambo ya chuma kinachong'aa. Kromu imezunguka madirisha, imepita ubavuni kama mkanda, iko kwenye vishikio vya milango, kwenye vioo vya pembeni na mbele kwenye grili. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anaisugua mpaka unajiona meno. Watu walikuwa wanaacha magari mapya wanakuja kukodi la kwake, wapige picha wakiwa wamejiona ubavuni mwa gari. Nami nilikuwa namtania, namwambia likiugua hilo utalala nalo hospitali.

Halafu nikaugua mimi. Macho yaliingia ukungu kidogo kidogo, kwa miaka miwili. Mwishoni nilikuwa nashona kwa vidole, napapasa pindo kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nikafanyiwa upasuaji jicho la kulia, kisha la kushoto. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini daktari alitukalisha wote wawili akatuambia wazi: mwanga mkali utaniuma kwa miezi, pengine mwaka, pengine zaidi, na vitu vinavyomeremeta ndivyo vitakavyoniuma kuliko vyote.

Gari linalala mbele ya dirisha la sebule yetu, hakuna pengine pa kuliweka. Saa nne asubuhi jua likilipiga, kromu inaurusha mwanga ndani moja kwa moja. Siku ya kwanza nilipiga kelele nikadhani nyuzi zimekatika jichoni. Siku ya kwenda kliniki ilikuwa mbaya zaidi. Kioo cha pembeni kilikuwa kinanichoma njia nzima hata nikifumba macho. Tulipofika nilitapika mlangoni pa hospitali.

Jioni ile nikamwambia, "Baba, zifunike hizo kromu."

"Nizifunike na nini?"

"Na chochote. Hata matambara."

"Unajua watu wananikodi kwa ajili gani?"

"Najua."

"Basi unaniambia nifunge kazi."

"Nakwambia siwezi kukaa kwenye nyumba yangu."

Alikuwa amechoka. Nilijua kachoka, miezi miwili alikuwa anapika, anafua, ananiwekea dawa ya matone. Lakini neno likishatoka limetoka.

"Jifunike wewe," akasema. "Kromu ndiyo inayotulisha. Macho yatazoea."

Nikampigia dada simu. Kesho yake dada akaja kunichukua.

Siku kumi na moja zikapita. Alikuwa ananitumia meseji, lakini meseji zenyewe zilikuwa za nesi, si za mume. "Umekula?" "Matone umeweka?" "Lala chali." Hakuniambia nirudi hata siku moja. Na asubuhi ile ya simu ya jirani alikuwa amenitumia hii: "Leo mchana usinipigie, nina kazi."

Dada alinikuta nimeishika simu kifuani.

"Vipi tena?"

Nikamweleza. Dada yangu ni mkunga, ameona mengi, huwa hashtuki. Alinisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu.

"Draya iliyokuwa inanguruma ni ile niliyokununulia mimi?"

"Ndiyo hiyo."

"Vaa viatu."

Kwenye teksi nilikuwa nimejifunika khanga juu ya miwani. Dada kanishika mkono, na mimi nazungumza mwenyewe kichwani. Nilikuwa nimeshampangia mume wangu maneno ya kumwambia, na msichana wa suruali nimempangia yake. Kilichoniumiza si msichana. Niliumia kuona kwamba miaka miwili nimemjua mume wangu kwa sauti na harufu tu, na sasa labda kuna mtu anayemwona vizuri kuliko mimi.

Tulipofika, draya ilikuwa inanguruma kweli.

"Sikia," nikasema.

"Nasikia," akasema dada, akalisukuma geti.

Mimi nilifumba macho. Nilijua kuna nini mbele yangu. Jua la mchana, na gari lote la kromu linanisubiri pale uani. Nikauma meno nikangoja lile pigo.

Draya ikazimwa. Mkono wa dada ukalegea kwenye wangu.

"Dada, kuna nini?"

"Fumbua macho."

"Siwezi. Gari si liko hapo."

"Lipo. Fumbua tu, mdogo wangu."

Nikaishusha khanga, nikafumbua kidogo, jicho moja, kisha la pili.

Hapakuwa na pigo. Gari lilikuwa pale, refu lilelile, lakini lilikuwa limetulia. Kuzunguka madirisha palikuwa peusi. Ubavuni peusi. Vishikio, vioo vya pembeni, grili, vyote vilikuwa vimevikwa weusi mkavu usiorudisha kitu, na jua lilikuwa linaligonga gari lile linazama humohumo, halitoki. Nilisimama nimeduwaa. Siku zote hizo mwanga umekuwa ukinifukuza, na mtu ameukalisha chini kwa mikono yake.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa nyuma, draya mkononi. Vidole vinne vilikuwa na plasta. Pembeni yake msichana wa suruali alikuwa ameshika kipande cha plastiki kama cha kukwangulia, kimevishwa kitambaa.

Dada ndiye aliyeanza.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Fundi wa mabango, dada. Yule wa duka la stika pale kwenye mzunguko."

"Shikamoo," akasema msichana. "Samahani kwa kelele."

"Marahaba. Na hapa unafanya nini?"

"Namfundisha kubandika stika nyeusi juu ya kromu. Nakuja muda wangu wa chakula. Nilimwambia alete gari dukani, siku moja tu tunamaliza. Akakataa. Akasema anataka kubandika mwenyewe, hapahapa nyumbani. Nikamwambia utaharibu. Akasema ataharibu mpaka ajue."

"Na kaharibu?"

"Sana," akasema msichana.

Pale chini palikuwa na vipande vya stika vilivyojikunja, vingine vimegandana vyenyewe kwa vyenyewe kama soksi mbichi. Palikuwa na chupa ya spiriti, wembe na matambara. Nikasogea hatua moja.

"Kwa nini mwenyewe?" nikamuuliza mume wangu. "Yeye si ndiyo kazi yake."

Hakuinuka. Alikuwa anaitazama draya.

"Lile neno nililisema kwa mdomo wangu," akasema. "Nikaona siwezi kumtuma mtu mwingine aje alirudishe."

Dada akageuza uso akatazama ukutani.

"Na maharusi?" nikauliza.

"Nimewapigia wote. Nimewaambia gari halimeremeti tena. Wengi wamehamia kwa mwenzangu. Mmoja kasema atakuja kwanza aone."

"Hii stika haibanduki?"

"Inabanduka, mama," akajibu fundi. "Ukiipasha moto inatoka, na kromu unaikuta vilevile."

"Basi siku ya harusi unabandua, unabandika tena."

"Sibandui," akasema mume wangu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka wewe useme."

"Na nisiposema kabisa?"

"Basi ndivyo lilivyo."

Alisema vile kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Yule mwanamume aliyekuwa hanywi chai kabla hajaisugua kromu yake.

"Ungeniambia," nikasema. "Ulikuwa unaniuliza matone tu."

"Ningekuambia rudi, ungerudi kwenye nini? Nilitaka ukirudi pawe pameshakalika."

"Jirani kasema umeleta mwanamke anakausha nywele."

Fundi akajishika kichwa. Nywele zake alikuwa amezinyoa zote.

Dada yangu akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Mume wangu naye akatabasamu kidogo, halafu akarudi kwenye kazi yake, labda ili asitazamwe. Ilibaki kona moja tu, pale mkanda wa dirisha la nyuma unapopinda kushuka. Akaipasha stika moto, akaibonyeza, ikafanya mkunjo. Akaibandua, akarudia. Mkunjo tena.

"Polepole, usiivute," akajiambia mwenyewe.

Nikaelewa yale maneno ya jana alikuwa anamwambia nani.

"Nipishe," nikasema.

"Macho yako."

"Situmii macho. Nipishe."

Nikakaa alipokuwa amekaa. Nikaigusa stika. Ilikuwa kama kitambaa cha satini kilichokatwa mshazari: ukikilazimisha kinalipiza. Kona yenyewe haikuwa ngeni kwangu, ilikuwa kola. Nimegeuza kola maelfu.

"Nipe joto kidogo. Kidogo. Basi."

Nikaanzia katikati ya pindo, si pembeni. Nikaisukuma kwa dole gumba, nikaiachia ziada ikimbilie chini kwenye mpira wa dirisha, mahali ambapo hapaonekani. Nikaomba wembe, nikakata kidogo kule kwenye maficho, nikaingiza ncha ndani kwa kucha. Nikapitisha kidole juu yake mara mbili. Hapakuwa na mkunjo, hapakuwa na kiputo.

Fundi wa mabango akainama, akaleta uso karibu kabisa, akaitazama kona ile kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mama," akasema taratibu, "mimi mwaka wa sita nabandika. Hii sijawahi kuiona."

"Ni kola tu," nikasema, lakini nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu niliposhona gauni langu la mwisho.

Fundi akakusanya vitu vyake. Mume wangu akamshukuru kwa mikono miwili. Alipofika getini akageuka.

"Ukipona vizuri, mama, pita dukani. Mwenye duka atataka kukuona."

Dada naye akainuka, akajikung'uta.

"Mimi nakwenda. Begi lako nilifanyeje?"

"Lilete kesho," nikasema.

"Nilishalifunga kabla hatujatoka," akasema. "Nilijua ama tunakuja kupigana, ama tunakuja kurudiana. Kote kuwili begi lilikuwa linahama." Akamtazama shemeji yake. "Mdomo wako uwe unaupima."

"Nimesikia, dada."

Geti likafungwa. Tukabaki wawili. Jua lilikuwa limehamia nyuma ya nyumba, ua wote umeingia kivulini, na gari limekaa kimya katikati yetu.

Nikainua mkono nikavua miwani.

"Usifanye hivyo," akasema. "Daktari alisema..."

"Daktari alisema mwanga mkali. Hapa hapana mwanga mkali. Umeuzima."

Kwanza niliona uso. Halafu uso ukawa wa mtu. Miaka miwili nilikuwa naona ukungu wenye sauti yake, na tangu upasuaji nilikuwa naishi gizani nyuma ya miwani myeusi. Sasa nikaona mistari miwili mirefu kutoka puani mpaka mdomoni, ambayo sikuiacha pale. Nikaona kovu dogo jipya kidevuni. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi, nyingi, hasa upande wa kushoto.

"Hizi mvi zimeanza lini?"

Akajigusa shavu, kama hakujua ziko wapi.

"Sijui. Mimi nilikuwa natazama gari."

"Na hapa ulikatwa na nini?"

"Na wembe wa kunyolea. Siku ya jicho la kushoto. Nilikuwa nanyoa nasubiri simu ya daktari."

Nikamtazama macho. Nilikuwa nimesahau kwamba si meusi. Yana kahawia ndani, kahawia ya chai iliyokolea, na pembeni yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mtu huyu nimelala naye miaka kumi na minne, na nilimtazama siku ile kama nimefika nchi ngeni. Machozi yalinitoka, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji hayakuwa ya maumivu.

Akaona aibu. Akataka kugeuka, akasingizia anakusanya matambara.

"Yanakuuma?" akauliza.

"Hapana."

"Basi twende ndani, umesimama sana."

"Usisogee," nikamwambia. "Bado sijamaliza kukutazama."

Akaweka tambara chini, akasimama palepale.