Mgongo wa Bwana Bisibisi

Darasani naitwa Chonga, kwa sababu nachonga penseli mara nyingi kuliko ninavyoandika. Jina hilo halinikeri hata kidogo. Mchoraji lazima awe na ncha kali, na mimi, niseme tu ukweli, najua kuchora. Kila siku nikitoka shule nabadili sare, nafagia nyuzi chini ya cherehani ya mama, kisha nakaa pembeni mwa meza yake ya kukatia vitambaa. Mama ni fundi wa nguo. Yeye akikata upande ule, mimi nachora upande huu, nyuma ya karatasi za vipimo ambazo hazihitaji tena.

"Mkasi wangu usiuguse," huniambia.

"Sijaugusa, mama."

"Sijasema umeugusa. Nimesema usiuguse."

Jumatatu moja mwalimu wetu wa sanaa, mama mrefu mwenye miwani inayoning'inia shingoni, aliingia darasani akitabasamu. Kwa kawaida haanzi kutabasamu mpaka Ijumaa, kwa hiyo tulinyamaza wenyewe.

"Kituo cha afya kimetupa ukuta," alisema. "Ukuta mzima wa chumba wanamosubiri watoto wagonjwa. Kila mmoja wenu abuni mhusika wa katuni, wake mwenyewe, ambaye hajawahi kuonekana popote. Mchoreni kama wale mashujaa wa plastiki waliochezewa na wazazi wenu: mikono inazunguka, magoti yanakunjika, na amesimama ndani ya boksi lake. Mzazi akimwona akumbuke utoto wake. Mtoto naye apate shujaa mpya. Atakayechaguliwa ndiye atakayeongoza kazi ya kuupaka ukuta rangi."

Sikusubiri kusikia zaidi. Moyoni nilishajipa ukuta ule wote.

Tatizo ni kwamba shujaa mwenyewe hakuja. Kila niliyemchora alikuwa na kifua kipana na joho linalopepea, na mama akimtupia jicho moja tu alisema, "Huyu si yule wa kwenye televisheni?" Nilichana karatasi nne. Jumatano nikaishiwa karatasi kabisa, nikaenda kupekua sanduku la baba mdogo. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ni fundi wa friji, na vitu vyake vya zamani vimejaa stoo yetu.

Ndani ya sanduku nilikuta daftari la hesabu la alipokuwa mtoto. Hesabu zilikuwa za kutia huruma, lakini ukurasa wa mwisho ulinifanya nikae chini. Palikuwa na mchoro wa shujaa mfupi mwenye kichwa cha nati, bisibisi kiunoni, na mikanda miwili iliyopita mabegani ikapotelea nyuma. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na viungo vyote. Wa kulia ulinyooka kama mpini wa jembe, hauna goti. Chini yake paliandikwa: Bwana Bisibisi.

Nikaweka daftari kwenye kioo cha dirisha, nikaweka karatasi yangu juu yake, nikafuatisha kila mstari. Nafsi iliponisuta, niliijibu: mbona soksi za baba mdogo navaa na hakuna anayesema kitu?

Kesho yake mwalimu aliubandika mchoro wangu ubaoni. Alivaa miwani, akautazama kwa muda mrefu. "Huyu ana sura yake mwenyewe," alisema. "Sijawahi kumwona mahali." Darasa zima likapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Jirani yangu wa dawati, ambaye kwa sababu za wazi tunamwita Maswali, alinyoosha mkono. "Mbona mguu mmoja hauna goti? Akitaka kukaa je?"

Sikuwahi hata kujiuliza.

"Aliumwa na mamba," nilisema. "Vitani."

"Mamba walikuwa wanapigana na nani?"

"Maswali, kaa," mwalimu alisema, lakini alikuwa akinitazama mimi. "Vizuri, Chonga. Lakini mtoto akishika mwanasesere humgeuza. Wewe umenipa mbele tu. Kesho niletee ubavu wake na mgongo wake, ndipo tupime ukuta."

Mchana ule nilikaa mezani jasho likinitoka. Ile mikanda ilikuwa imebeba nini? Nilichora begi, Bwana Bisibisi akaonekana anawahi shule. Nilichora mabawa, akafanana na kuku. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, nami nililigeuza upande wa pili kama mjinga, nikidhani labda mgongo uko nyuma ya ukurasa. Kule kulikuwa na hesabu za kugawanya, zote zimekosewa.

Wakati huohuo baba mdogo alipita kuchukua mkoba wake wa vifaa.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema, nikifunika meza kwa viwiko.

"Marahaba. Unaficha nini?" Akasogea, akaona. Uso wake wote ukachangamka. "Wewe! Huyu namjua! Nilidhani panya walishamla siku nyingi!" Alicheka, akamwita mama aje kuona. "Nilikuwa na shujaa wa plastiki, mmoja tu, goti lake likavunjika. Nikaligundisha kwa msumari wa moto, likaganda moja kwa moja. Bibi yako alinifokea mpaka majirani wakaja. Ndipo nikambuni huyu, asiyehitaji kukunja goti kwa sababu hapigi magoti mbele ya mtu yeyote."

Kumbe ndivyo. Na mimi nilikuwa nimempeleka kwa mamba.

"Na mgongoni amebeba nini?" niliuliza haraka. "Nichoree tu, baba mdogo. Dakika moja."

"Dakika moja yatosha. Lakini mchoro ni wa nini?"

Mama aliacha mkasi. Nilieleza yote, sauti ikizidi kushuka: ukuta, mwalimu, makofi.

"Na uliwaambia ni wa nani?" baba mdogo aliuliza.

"Wangu."

Hakucheka tena. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu baba mdogo hucheka hata akijigonga nyundo. "Nikikuchorea mgongo, kesho utaulizwa anaogopa nini, keshokutwa anaishi wapi," alisema. "Au nihamie shuleni kwenu nikae chini ya dawati?" Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Niliona aibu, aibu hasa, hadi masikio yakawaka moto. Mama alirudi kwenye cherehani, akainama kama anavyoinama kila siku, bega la kulia likiwa juu kuliko la kushoto. Nikamtazama. Nikaona mengi ambayo nilikuwa nikiyatazama miaka yote bila kuyaona. Nikachukua penseli.

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa. "Bwana Bisibisi si wangu," nilisema. "Ni wa baba mdogo. Nilimfuatisha kwenye kioo cha dirisha. Na mamba niliwasingizia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikibandua kile kikaratasi taratibu, akanirudishia. "Mrudishie mwenyewe," alisema. "Sehemu ya katikati ya ukuta itachorwa Konokono Tarishi wa Maswali. Anachelewesha barua zote lakini hajapoteza hata moja. Na wewe, mkononi una nini kingine?"

Nilikuwa na Bi Pindo, niliyembuni mwenyewe. Nilimweka ubaoni. Maswali hakunihurumia.

"Mbona bega moja liko juu?"

"Ameinamia cherehani miaka mingi."

"Silaha yake ni nini?"

"Tepu ya kupimia. Akikufunga nayo anakujua ulivyo, huwezi kumdanganya."

"Mfukoni?"

"Kipande kimoja cha kila nguo aliyowahi kushona."

"Na mgong..."

Nilishageuza karatasi. "Mgongoni gauni lake limeshikwa kwa pini. Anashonea watu wote, lake mwenyewe hajapata nafasi ya kulimaliza."

Maswali alikaa. Sijawahi kumwona akikaa mwenyewe. Mwalimu alisema kuna nafasi pembeni mwa mlango, si kubwa, na ni yangu.

Tulipaka rangi wiki mbili. Siku ya kufungua chumba wazazi walikuja, na baba mdogo alikuwa miongoni mwao, ingawa sikuwa nimethubutu kumwalika. Mama alisimama mbele ya Bi Pindo, ambaye nilimchora mara mbili, mbele na nyuma. Alipofika kwenye zile pini, aliupeleka mkono wake mgongoni, akapapasa gauni lake mwenyewe. Kisha akacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Nilimkabidhi baba mdogo karatasi yake. "Nisamehe. Nilikuchukulia mtu wako."

"Nimekusamehe tangu siku uliposema darasani. Mwalimu wako alinipigia simu." Alinishika bega. "Nisikilize vizuri. Kufuatisha mchoro wa mtu si kosa, hata mimi nilijifunza hivyo. Kosa ni kuliondoa jina lake na kuweka lako. Unamwibia yeye, na wewe mwenyewe unabaki na kitu usichokijua. Kazi uliyoitolea jasho unaijua mbele na nyuma, na mtu akikuuliza huhitaji kutunga uongo."

"Nimeelewa, baba mdogo."

"Haya." Akatoa mfukoni lile daftari la hesabu, ambalo mama alikuwa amemrudishia, na penseli fupi. "Sasa, mwenye Bi Pindo, naomba ruhusa. Nataka kumchora hapa, asimame karibu na Bwana Bisibisi."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba ruhusa ya kitu chochote. Nilikohoa kidogo, kama mwalimu mkuu.

"Ruhusa unayo," nilisema. "Lakini uandike ni wa nani."

Baba mdogo alifungua ukurasa wa Bwana Bisibisi, akaandika jina langu lote kwanza, kabla ya kuchora mstari hata mmoja.