Bwana Anakufa Sura ya Kwanza

Siku hiyo soko la Likasi lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Wauza samaki waligombea kivuli na wauza viatu, watu wa taxi-bus walipiga kelele "Kambove! Kambove! Nafasi mbili tu!", na katikati ya fujo hiyo yote mwanaume mmoja alisimama mbele ya meza ya vitabu, anasoma, anacheka peke yake.

Mama Émérence alimtazama toka upande wa pili wa meza. Mrefu, ndevu zimeanza mvi, koti la kazi la buluu limepigwa pasi. Koti la kazi, pasi! Viatu vyake tu ndivyo vilivyosema ukweli: vilikuwa na vumbi jekundu la njia ya Koni, kwenye mitambo ya umeme.

"Papa, hapa tunauzisha vitabu," alimwambia. "Haiko bibliothèque ya kusoma bure."

"Pardon, mama. Nitanunua. Lakini ule mwanaume mwenye aliandika hii kitabu hajakanyaga Koni hata siku moja."

"Juu ya nini?"

"Anasema walimusukuma bwana mu mulango, akaangukia mashini. Ile mulango minye naijua, inaendaka kwa magasin. Marehemu angeangukia mifuko ya sementi, angejipangusa, angerudi kwake kula."

Kicheko kilimpanda Émérence, akakibana kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Papa, ule bwana alishakufa. Walishamuzika, na mwenye alimuua walishamufunga. Unataka nimufufue juu ya mulango?"

Mwanaume alifunga kitabu, akasoma jalada: E. Mwadi. Akamtazama mama aliyekuwa mbele yake, kikwembe cha kijani chenye ndege weupe, rozari mkononi, kidole kimoja kina wino.

"Njo weye?"

"Njo minye. Émérence Mwadi. Na weye wa sementi, jina yako nani?"

"Cyrille," alisema, na mara ya kwanza hakucheka. "Niko fundi wa courant kule Koni. Nipatie na ile ingine. Na ile."

Alinunua vitatu. Juma lililofuata alirudi kutafuta vingine, akijifanya ni jirani yake aliyemtuma.

Émérence alikuwa mjane. Misa ya asubuhi haikumpita, na shule aliishia ya msingi. Lakini hadithi za upelelezi alizoandika zilikuwa nyingi hata Danielle wa duka la fotokopi, aliyezipiga kwenye mashine na kuzibana pini, hakujua tena ipi ilitangulia ipi. Kulikuwa na *Kiatu cha Marehemu*. Kulikuwa na *Damu Njia ya Kambove*. Kulikuwa na *Sumu Katika Bukari*, iliyopigwa fotokopi mara nyingi kuliko zote. Kabla ya kila mauaji aliyoandika alisali fungu moja la rozari, kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya muuaji pia. Na kila kitabu kilianza hivyohivyo: bwana wa mtu anakufa sura ya kwanza, majirani wanaanza kunyoosheana vidole, ndipo anafika Inspekta Ngoie, mnene, mpenda kula, na swali lake moja: "Nani aliona?" Swali hilo lilikuwa limeingia mjini. Hata watu wakigombana juu ya kuku aliyepotea, mmoja angepaza sauti: "Nani aliona?" na wote wangecheka.

Cyrille alikuwa amefiwa na mkewe zamani, watoto wamekwisha kuoa. Alianza kupiga simu kila alipopata mapumziko.

"Allô, mupenzi. Unafanya nini?"

"Niko naua muntu. Na weye umenikatia courant katikati, Danielle hawezi tena kupiga."

"Haiko minye! Njo ligne, waya zimekatika."

"Bote benye makosa njo wanasemaka vile. Inspekta Ngoie angekushika."

"Anishike tu. Anilete kwako nimefungwa kamba."

Émérence alicheka mpaka Danielle, aliyekuwa akipanga karatasi kando, akaongeza sauti ya redio yake ya betri ili naye asikike kwamba yupo.

Jumapili moja, baada ya misa, waliketi na Fanta zao mahali pa kula karibu na kanisa. Cyrille aliizungusha chupa yake muda mrefu.

"Chérie, kintu kimoja. Juu ya nini bwana anakufaka kila kitabu? Ndugu zangu wananiuliza, nakosa cha kujibu."

Émérence alimtazama. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza.

"Stéphane wangu alikufa na figo," alisema mwishowe. "Munganga alisema figo, karatasi ilisema figo. Lakini pa matanga, ndugu zake walianza kunong'ona: amekuliwa, amelogwa. Amekuliwa na nani? Wananiangalia minye. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, kunong'ona tu. Nilikosa hata wa kumujibu, maana hakuna aliyesema kwa sauti. Basi nikachukua bic, nikaandika. Mu vitabu yangu, mwenye anauaka iko na mikono, iko na viatu, iko na sababu. Na mwenye hakuua anatoka mbele ya bantu bote, kichwa juu. Umesikia?"

Cyrille aliushika mkono wake, akakisugua kile kidole chenye wino kana kwamba kinaweza kutakata. "Basi endelea kuua, roho yangu," alisema. "Usiache."

Siku ile ndipo Émérence alipompenda. Kabla ya hapo alikuwa akimzoea tu.

Ikafika siku ya kujitambulisha, jamaa ya mwanaume kuja kuketi nyumbani kwa mwanamke. Émérence alikuwa ameamka na jogoo, akapika. Kaka yake, Georges, alipanga viti. Ilipofika saa sita wageni wakaingia: Oncle Léon, mkubwa wa jamaa, mstaafu wa kiwanda, fimbo mkononi na tai shingoni, Tante Josée, dada wa mama yake Cyrille, amevaa kikwembe cha zambarau na kofia ya rangi ileile, nyuma yao Cyrille, shati jeupe, anatabasamu kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Chakula kililetwa: bukari, ugali wa kwao, inafuka moshi, samaki wa mto Lufira katika mchuzi wa nyanya, mboga ya lengalenga yenye karanga. Mikono ikanawishwa. Georges akasali. "Karibuni," alisema.

Hakuna mkono uliogusa chakula.

Harufu ya samaki ilizunguka meza, ikamfikia kila mtu, ikarudi. Ndipo Tante Josée akafungua mkoba wake, akatoa kitabu, akakiweka kando ya bakuli. *Sumu Katika Bukari*.

"Mama, tunakusomaka," alisema kwa sauti tamu. "Mu hii kitabu, bibi anatia sumu mu bukari siku ya wageni. Muntu wa kanisa anajulia wapi maneno ya sumu?"

"Kwa pharmacie, Tante. Niliuliza. Ya kwanza walinifukuza, nikaenda ku ya pili."

Hakuna aliyecheka. Georges alikohoa.

"Tunasema vile," Tante Josée aliendelea. "Choma hivi vitabu, acha kuandika, halafu tutakula na tutaleta mali ya ndoa. Kama hapana, mutoto wetu haoi bibi mwenye anajizoeza kufiwa ku karatasi."

Émérence hakumtazama yeye. Alimtazama Cyrille. Mkono wake ulikuwa umeshanawishwa, umeshanyooshwa juu ya bukari, na hapo ukasimama. Haukushuka. Macho yake yalikuwa kwa Oncle Léon, na Oncle Léon alikuwa akiitazama fimbo yake. Tone la maji lilianguka toka kidoleni mwa Cyrille likalowesha kitambaa cha meza.

Ndipo Émérence akasimama.

"Nani aliona?" aliuliza.

Tante Josée alikivuta kitabu karibu naye.

"Nauliza vizuri. Minye nikitia kintu mu chakula, nani aliona? Weye, Tante? Weye, Oncle? Weye, Cyrille?"

Akaketi, akamega bukari, akaifinyanga taratibu, akaichovya katika mchuzi, akala. Akachukua kichwa cha samaki, sehemu ya mgeni wa heshima, akakila chote, akanyonya na mifupa, akalamba vidole kimoja kimoja, wao wanatazama. Kisha akafuta mdomo.

"Bon. Nikiwa nangoja kufa, ngoja nimalize sura yangu. Georges, sindikiza wageni."

Tangu siku ile simu iliita, naye hakuipokea.

"Mama, simu inalia kama mutoto," Danielle alimwambia.

"Iache ilie. Itachoka, italala."

Aliandika kwa hasira, na kitabu kilienda mbio. Bwana wa safari hii alikufa ukurasa wa kwanza, hata salamu hakuwahi kumaliza. Lakini mjini maneno yalikuwa yamemtangulia. Sokoni wanawake wawili waliacha kuongea alipopita. Aliujua ukimya ule. Aliusikia kwenye matanga ya Stéphane.

Siku moja, simu ilipoita, aliipokea.

"Émérence, mupenzi, usikate! Sikuogopa. Nakuapia. Kwetu mudogo hagusi chakula mbele ya mukubwa. Nilikuwa nangoja Oncle aanze."

"Najua haukuogopa."

"Eh? Sasa juu ya nini unanikasirikia?"

"Na kama Oncle hangeanza? Ungengoja mpaka wapi?"

Nyuma ya mwanaume zilisikika mashine za Koni, zinanguruma bila kupumua.

"Ukipata jibu usinipigie," alisema Émérence. "Njia unaijua."

Alipokata simu, alipiga magoti. Alimwomba Mungu mambo mawili: asimwondolee kuandika, na kama inawezekana, amrudishie yule mwanaume. Aliyaomba kwa mpango huo, wala hakuupindua.

Ikaja sikukuu ya parokia. Baada ya misa kila kikundi kilipanga meza uani, vyakula na vinywaji, ngoma za kwaya kando. Kiongozi wa kikundi chao alikuwa amemwita pembeni mapema.

"Mama Émérence, leta chakula, acha vitabu. Ao leta vitabu, acha chakula. Unajua bantu."

"Najua bantu," alijibu. Akaleta vyote.

Alivaa kikwembe cha manjano kilichoonekana toka getini. Katikati ya meza aliweka sufuria ya bukari na sinia la samaki, na ubavuni mwa sufuria, vikigusana nayo, akapanga rundo la *Sumu Katika Bukari*, fotokopi mpya kabisa. Kisha akaketi, mgongo wima, akangoja.

Vitabu vilinunuliwa kama mikate. Watu walifika, wakachukua kimoja, wakaitupia sufuria jicho la pembeni, wakaondoka. Kitabu kilienda. Bukari ikaanza kupoa.

Chini ya turubai ya wazee, Oncle Léon alikuwa ameketi na fimbo yake, Tante Josée ubavuni chini ya mwavuli. Kutoka kati yao aliinuka Cyrille. Shati jeupe lilelile. Alikatiza ua mzima peke yake, na kila alipopita mazungumzo yalikatika, mpaka akafika mbele ya meza.

"Mama, naomba maji ya kunawa."

Émérence alimmiminia toka kwenye birika.

Cyrille alivuta kiti, akaketi amewaelekea wazee, akapaza sauti hata ngoma zikanyamaza. "Oncle Léon! Nakuheshimu, na utabaki mukubwa wangu. Lakini leo njo minye naanza!"

Mkono ukashuka. Alimega bukari, akachovya, akala. Akala tena. Sahani ilipokwisha aliisukuma mbele. "Ongeza."

"Atakufa huyu!" Tante Josée alilia akifunga mwavuli.

"Nitakufa, Tante, bote tutakufa! Lakini nitakuwa nimeshiba!"

Watu wakaangua kicheko uani. Tante Josée akachukua mkoba wake, akatoka getini bila kuaga, na siku hiyo hakurudi. Lakini fimbo ilisikika ikigonga changarawe, polepole, inakuja. Oncle Léon alisimama mbele ya sinia.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "kichwa ya samaki iko inabakia? Tangu ile siku, ile yenye ulikula, haijanitoka mu roho."

"Iko, Oncle. Kaa." Akampa kichwa kikubwa kuliko vyote, maana hakuwa mtu wa kulipiza kwa chakula.

Cyrille alimgeukia. Sasa aliongea na yeye peke yake, ingawa ua wote ulikuwa unasikiliza.

"Ile jibu yenye ulinituma kutafuta, njo hii. Nilikosa. Nilikuacha peke yako mbele ya chakula yako. Sitakuomba kuacha kuandika, hata siku moja. Uniue kila kitabu, mu sura ya kwanza. Unisukume hata mu mulango ya magasin. Lakini saa ya kula nikute niko pa meza yako. Utakubali nikuoe?"

Émérence alimtazama kwa yale macho yake yasiyo na haraka. Alitazama shati, vidole vyenye mchuzi, chembe ya bukari iliyoganda kwenye ndevu.

"Unataka kufa na nini?" aliuliza.

"Na uzee."

"Hiyo haiuziki."

"Basi niweke mu sura ya mwisho."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko chake chote, kile alichokibana siku ya kwanza sokoni. Akasukuma rundo la vitabu kando apate nafasi, akanawa mikono, akaketi, akaitia mkono sahani ileile aliyokuwa anakulia Cyrille.