Kiota Chenye Mama Watatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Langui alikula kiazi kitamu huku akipanda kilima, hadi kwenye mwerezi ulio juu ya shamba la kabichi la mama yake. Hapo alitulia kimya na daftari lake. Juu kulikuwa na kiota cha ndege wadogo wenye vishungi. Majike watatu walikuwa wametaga humo pamoja. Mmoja akiruka kutafuta wadudu, mwenzake alikaa upesi mayai yasipoe.

"Ukiwachunguza siku saba, utajisifu kwenye duara la sikukuu," Mwalimu Savi alimwahidi.

Siku ya saba mvua ilinyesha. Langui alijikunyata blanketini, akaandika: "Wamepokezana mara tisa."

Sikukuu ikafika. Wanaume walichuchumaa duara, bega kwa bega. Kila mmoja aliinuka akatangaza mawindo yake, na kila alichotamka, kijiji kizima kilikirudia. Kisha ikawa zamu ya watoto.

"Wenzako wanajisifia nguruwe mwitu," Biung, mwanafunzi mwenzake, alimcheka, "wewe kandege kasikojaza kijiko!"

"Kadogo, lakini kanafanya kazi. Wewe je?" Langui alijibu, akainuka.

"Nimelinda kiota!"

"Nimelinda kiota!" wote walirudia.

"Mama watatu, kiota kimoja!"

"Mama watatu, kiota kimoja!"

"Siku..." Langui alimwona mama yake, mikono ina udongo wa kabichi, mdomo wazi, tayari kulipokea neno. Amtie mama yake uongo mdomoni?

"Siku sita!"

"Siku sita!"

"Ya saba nililala! Nikaandika uongo!"

Biung alikohoa kicheko. Hapo sauti moja ikapaa, sauti ya mama, kana kwamba kosa ni lake: "Ya saba nililala! Nikaandika uongo!"

Duara zima likanguruma likirudia. Langui akamalizia, kama ilivyo desturi, kwa jina la ukoo wa mama yake, kifua mbele, na milima ikaitika.

Mwalimu Savi aliufuta ukurasa wa saba, akabandika zile sita ukutani mwa darasa. "Sasa naziamini zote," alisema.

Wakirudi nyumbani, mama alimshika mkono. "Mwanangu, watu wakilirudia neno lako, wanalibeba pamoja nawe. Basi wape neno la kweli, hata likiwa dogo. Leo nimelibeba lako, wala halikunilemea."