Taa ya Salamu

Kila asubuhi baba yangu hutoka nyumbani mapema kwenda kuchukua gari la mikate. Sisi tunapofunga kamba za viatu, yeye huwa ameshazunguka maduka ya mtaa wa juu na anarudi. Kwa hiyo tulizoea kukutana naye pale njia panda, mimi na rafiki yangu Chiriku, tukienda shule. Chiriku si jina lake la kuzaliwa. Tulimbandika sisi, kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akiwa na mkate mdomoni.

Kwenye kona ya njia panda, pale barabara yetu ya ndani inapoanzia, kuna Fundi Pancha. Ana pampu yake ya upepo, beseni la maji la kutafutia tundu, na rundo la matairi ambalo majirani wamelilalamikia mpaka wamechoka. Yeye na baba walisoma pamoja, na utani wao hauna mwisho. Baba akipita mbele yake hapungi mkono wala hapigi honi. Huwasha indiketa, ile taa ya pembeni inayoonyesha kwamba gari linataka kukata kona. Tiki, tiki, tiki, halafu anazima na kwenda zake moja kwa moja. Hiyo ndiyo salamu. Fundi Pancha naye huinua spana na kupiga kelele, "Umeamkaje, mkate mkavu?"

Mchezo huo aliuanzisha baba yangu, nasema wazi. Wenzake wakaupenda. Wa gari la maji akaiga, wa gari la mchanga akaiga, wa teksi wakafuata wote. Ikafika mahali taa ya pembeni pale njia panda haina maana nyingine ila "habari za asubuhi". Na wale waliokuwa wanakata kona kweli hawakuwasha kitu. Siku moja nilimwuliza baba kwa nini hawashi akiingia barabara yetu. Akacheka. "Nimwashie nani? Mtaa mzima unajua ninapokaa."

Mwalimu alitufundisha darasani kwamba ukiona gari limewasha indiketa ya upande wako, simama, linakuja kwako. Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu sisi ukisubiri hiyo utafika shule wakati wenzako wanarudi!" Jamani, hata mwalimu alicheka.

Siku yenyewe tulichelewa kidogo. Mama yake Chiriku ni fundi cherehani, na alikuwa amemzuia mlangoni amalizie pindo la sketi yake. Tukawa tunatembea haraka haraka. Tulipotaka kuvuka barabara ya ndani, gari dogo la kijivu likaja polepole kutoka nyuma yetu, limewasha taa ya upande wetu. Sikulijua lile gari. Nikamshika Chiriku mkono.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Si anamsalimia Fundi Pancha!" Akajichomoa, akaingia barabarani huku amenigeukia mimi, anacheka. Gari likakata kona.

Sitausimulia mlio ule. Nilimwona Chiriku ameanguka chini, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakulia kwanza. Aliniangalia kwa mshangao na kuniuliza, "Kumbe alikuwa hasalimii?" Ndipo akaanza kulia, na kilio kile sijakisahau.

Watu walijaa kufumba na kufumbua. Mama yake alikuja mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akapakiwa pamoja na mwanawe kwenye teksi kwenda hospitali. Mwenye gari alibaki. Alikuwa mzee, mgeni, anatafuta nyumba ya dada yake. Alikuwa anarudia neno moja: "Niliwasha taa, jamani. Niliwasha toka mbali." Nani wa kumsikiliza? Baba yangu naye akafika na gari la mikate. Alipoambiwa ni Chiriku, alipandwa na hasira, akamkamata mzee wa watu ukosi wa shati.

"Muongo wewe! Hukuwasha kitu! Mnakuja kutuulia watoto!"

Wala baba hakuwepo. Fundi Pancha akadakia, "Mimi nilikuwepo. Hakuwasha huyu." Na yeye alikuwa ameinama kwenye beseni lake, angeonaje? Mtu mmoja akamchapa mzee kofi la mdomo. Mwingine nilimwona anaokota jiwe.

Hapo ndipo askari wa barabarani alipofika, mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito. Akawasukuma watu nyuma, akasimama mbele ya mzee. "Nani ameona kwa macho yake?"

Baba akanisogeza mbele, mkono wake begani kwangu. "Binti yangu alikuwa na Chiriku. Sema, mwanangu. Mwambie afande kwamba huyu hakuwasha taa."

Watu wote waliniangalia, na yule mzee pia, damu ikimtoka kwenye mdomo. Nilijua nikiitikia kwa kichwa tu atapelekwa kufungwa, kama hawatamuua kwanza. Nilijua pia nikisema kweli nitamuumbua baba yangu mbele ya mtaa mzima.

"Aliwasha," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu," afande akaniambia.

"Aliwasha, afande. Toka mbali. Mimi niliiona, na Chiriku aliiona."

"Aliiona, halafu akavuka?"

"Alidhani ni salamu."

"Salamu gani tena?"

Nikaeleza yote. Nikasema na nani aliyeianzisha. Nilikuwa bado naongea nilipousikia mkono wa baba unaondoka begani kwangu.

"Mtoto gani huyu," mwanamke mmoja akanong'ona nyuma yangu, "anamtetea mgeni, baba yake anamwanika." Afande alimgeukia baba. "Ni kweli?" Baba akamumunya maneno. Fundi Pancha akajifanya anatafuta kitu kwenye matairi. Yule mwenye jiwe aliliachia chini ya mguu wake, kama vile halikuwa lake.

Lakini afande hakumwacha mzee hivi hivi. "Na wewe, mzee, uliwaona watoto pembeni. Mbona hukusimama?"

"Nilidhani wameiona taa, watanisubiri."

"Kuwasha taa si kupewa ruhusa. Anayekata kona ndiye anayemngoja anayetembea kwa miguu." Mzee akainamisha kichwa, akasema amekosa. Wakaondoka naye kwenda kituoni, akiwa hai.

Nilirudi nyumbani. Mama aliniwekea chakula bila kuniangalia. "Ungesema hukuona," akasema mwishowe. "Nani angekulaumu?" Niliudhika mpaka nikashindwa kula. Nilisema kweli nikageuka mbaya, na waliosema uongo walikuwa wanakula vizuri tu.

Baada ya siku chache baba akaniambia twende hospitali. Chiriku alikuwa amelala, mguu umefungwa vyuma. Daktari alikuwa ameshasema atatembea, ila mguu huo utabaki mfupi kuliko mwenzake. Mama yake alikaa pembeni ya kitanda, macho mekundu.

"Pole, dada," baba akaanza. "Tufanyeje? Ni mipango ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu," akamjibu. Baba hakupata pa kuweka mikono yake.

Tulipokuwa tunarudi, baba alisimamisha gari kando ya barabara na kuzima injini. "Mimi ningekuwa wewe pale, ningesema uongo," akasema. "Nilishausema, tena kwa kelele. Wewe ndiye uliyemwokoa yule mzee, na mimi pia, maana ningemuua kwa kosa langu." Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona baba akilia.

Kesho yake alianza kuwafuata madereva wenzake, mmoja mmoja. Walimcheka. Wa gari la mchanga alimwuliza kama siku hizi anauza mikate au anahubiri. Hakuacha. Alisimama nao kwenye kituo cha teksi, akawaeleza mguu wa Chiriku ulivyo, na vicheko vikaisha. Fundi Pancha alikwenda mwenyewe kwa afande kukiri kwamba hakuona kitu. Afande naye alileta watu wakachora kivuko cheupe pale kwenye kona. Magari yakaanza kusimama watoto wavuke. Anayekata kona anawasha, asiyekata hawashi.

Chiriku aliporudi nyumbani kwa magongo, baba alikwenda kuwaona. Alikuwa na furaha ya kuleta habari hizo. Alimweleza mama yake yote: kivuko, madereva, jinsi walivyokubali wote bila kubaki hata mmoja, na jinsi ilivyochukua muda mfupi tu.

Mama Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, mguu wake umetulia juu ya pedali ya cherehani.

"Shemeji," akasema, "wakati ule watu walisema mwanangu ni kichwa ngumu, hakusikia la mwalimu. Sivyo. Alisikia sana. Ila mwalimu alimfundisha siku moja, na ninyi mlimfundisha kila siku kwamba ile taa haina maana. Gari halina mdomo. Likitaka kusema linakwenda wapi, lina taa ile tu, na mtoto aliye kando ya barabara hana kingine cha kumwambia kama avuke au angoje. Mkiifanyia mzaha, mnamdanganya yeye." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, usije ukajutia ulichokisema siku ile. Damu ya yule mzee isingemnyoosha mwanangu mguu."

"Tumejifunza, dada," baba akasema kwa sauti ya chini. "Sasa hivi wote wanawasha vizuri."

"Vizuri," akajibu, akamtazama Chiriku aliyekuwa anahangaika na magongo akijaribu kuvuka kizingiti cha mlango. "Kumbe mlikuwa mnaweza."