Vikombe Saba vya Bibi Yake Lenka

Kikombe cha kwanza kilipumua. Sandrine alipomwambia mama yake hivyo kwenye simu, Dative alidhani laini ni mbovu.

"Rudia."

"Nimekiinua, mama, kikatoa pumzi. Kama mtu anayeibuka majini."

Dative alikuwa kwenye chumba cha kulia cha ghala analofanyia kazi, South End ya Louisville, Marekani. Ilikuwa saa sita mchana. Kule Cheki, alikokwenda bintiye kusoma muhula mmoja, jua lilikuwa linazama. Lenka, msichana mwenyeji anayekaa naye, alikuwa amemwalika wamalize wikendi kijijini kwa bibi yake, kwenye nyumba ya mbao kando ya bwawa.

"Lenka iko wapi?"

"Wameenda na bibi yake kwa jirani, kutafuta mayai. Bon, nikasema nisikae bure, nioshe vyombo."

Bila shaka. Dative ndiye aliyemlea hivyo: binti anayekula kwa watu akaacha sahani chafu anamtukanisha mama yake. Basi Sandrine alimaliza sahani, akafungua na kabati la chini, akakuta vikombe saba vya udongo vimelala kifudifudi, kingo zimejaa tope. Akaona ni uchafu.

"Umeinua vingapi?"

"Vyote. Sita vimepumua. Cha saba kilikuwa kitupu."

Kwenye simu mlango ulilia.

"Wamerudi?"

"Si wao," Sandrine alinong'ona. "Wangekuwa wanaongea."

Dative alisikia hatua za mtu aliyelowa, chwa, chwa, zikija bila haraka, na wakati huohuo harufu ya tope la chini kabisa ya maji, tope ambalo halijawahi kuona jua, ikapanda pale mezani pake, ikafunika harufu ya chakula cha watu wote, hata Marcellin wa meza ya pili akaweka kijiko chini.

"Dada Dative, bomba limepasuka?"

Alikandamiza simu sikioni.

"Mama, nasali."

"Sali ukitembea. Toka mlango wa nyuma. Sanduku liache."

"Miguu inakataa. Sakafu ni kavu, lakini nasikia maji magotini. Sasa kiunoni. Mama."

Kisha ikaja sauti nyingine, taratibu, kama inayopitia koo lililojaa maji, na ikasema Kiswahili cha kwao kabisa, cha wazee wa Uvira, Kongo.

"Sita niliwazamisha mwenyewe. Nikafunika roho zao. Huyu amezifungulia zote. Nani alimufundisha kugusa vyombo vya watu?"

Dative alielewa kile kikombe kitupu kinamngoja nani. Alisikia mtoto wake akikohoa maji, akainuka, akasimama kati ya wafanyakazi waliokuwa wakimtazama, na hakujali tena nani anasikia.

"Ni mimi," akasema. "Yeye ametii tu. Donc muachilie, ushike mimi."

"Uko mbali."

"Naitwa Dative, binti ya Mukansanga. Niko Louisville. Unitafute. Lakini huyo muachilie sasa hivi."

 Kisha mlango ukagonga ukuta, na Sandrine akawa anakimbia, anahema, kokoto zikilia chini ya miguu yake, mpaka sauti ya Lenka ikasikika ikimuuliza kitu kwa Kiingereza, na jibu likawa kilio tu.

Baadaye kidogo alipiga tena, kutoka kwenye gari la jirani. Bibi alipoona vikombe vimeinuliwa alimshika Sandrine mkono. Alimsukuma tu garini.

"Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aende. Umekula?"

"Mama..."

"Kula. Na usirudi kule."

Kengele ya kazi ilikuwa imelia zamani. Dative alifunga chakula ambacho hakukigusa, akavaa glavu, akaingia kati ya rafu na kikwama chake cha kusukumia maboksi. Alikuwa amebakiza saa nne za kazi. Koo lilimwasha, akameza mate, yakawa na ladha ya tope.

Marcellin alikuja na maboksi upande wa pili, akasimama ghafla. Hakuwa anamwangalia Dative. Aliangalia nyuma ya bega lake.

"Dada," akasema polepole, "huyo anayekufuata, mbona amelowa hivyo?"

Dative hakugeuka. Alichukua boksi lililofuata.

"Ni mgeni wangu," akasema. "Usimwangalie. Na akikuuliza jina, usiseme."