Biri za Marehemu Stanley

Haya nilisimuliwa na Lameck Ndahani wa Nzuguni, karani mstaafu wa kampuni ya tumbaku. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la Bi Yudith, mjane wa rafiki yake, marehemu Stanley, kule mtaa wa Kikuyu. Bi Yudith akamwita Lameck akague sanduku la biri za marehemu, sigara nene za Havana, ajue kama zingeweza kununua mabati.

Lameck aliviringisha moja karibu na sikio. Jani la tumbaku lililokauka na kuharibika hulia likiviringishwa, hili lilinyamaza. Pete za karatasi zilizozizunguka biri zilikuwa nzima, na muhuri chini ya sanduku ulikuwa wa kabla ya mwaka 1960. Alijua ameshika mali, kwa kuwa biri za Havana za enzi hizo huuzwa ghali.

"Zimekufa, shemeji," akasema. "Labda nikafukuzie mbu."

Bi Yudith akacheka. "Basi chukua. Marehemu alisema ukizitazama wewe, sitadanganywa."

Lameck alilifunga sanduku kwa kamba, akaondoka.

Jioni hiyo, nyumbani kwake Nzuguni, umeme ulikatika. Akiwa peke yake gizani, akilifikiria lile paa, alisikia jani likilia ndani ya sanduku. Lililia taratibu, likanyamaza, kisha likalia jingine, kama mtu anayezipima moja baada ya nyingine.

Aliwasha tochi. Kamba ilikuwa vilevile alivyoifunga. Akaifungua. Biri zote zilikuwa mahali pake, ila ya mwisho ilikuwa imeng'atwa ncha, kama Stanley alivyozoea kuzing'ata kabla ya kuziwasha, na mate yalikuwa hayajakauka.