Tundu la Kaskazini

Shangazi yangu Verna si mtu wa kuamini mizimu. Siku ile alikuwa jikoni akikaanga bamia, na mumewe, Dewey, alikuwa uvunguni mwa nyumba akitambaa kwa tumbo. Kwetu Karolina ya Kusini nyumba za zamani zimeinuliwa kidogo juu ya matofali, na unyevu wa udongo ulikuwa umejaza kuvu sakafuni hadi kifuani mwa Dewey. Daktari alimwambia wazi kwamba kuvu ile itammaliza. Basi akatandika nailoni nzito ardhi yote, akabandika maungio kwa utepe, akaziba matundu ya hewa ya kuta za uvunguni.

Yote, hata la kaskazini. Marehemu mama yake alikuwa akifunga matundu kila baridi ikija, kama kila mtu, ila hilo hakuligusa maisha yake yote. "Liacheni," alikuwa akisema. "Naye anahitaji hewa." Hakuna aliyemuuliza ni nani.

"Mama yako alikataza," Verna alimkumbusha.

"Mama alikataza hata kufagia usiku. Mimi nataka kupumua, mke wangu."

Na kweli akapumua. Kikohozi kikakatika kabisa. Shangazi alilia kwa furaha.

Jumapili, wametoka kanisani, wako mezani, mtu akakohoa.

Verna akamtazama mumewe. Dewey alikuwa anatafuna mkate wa mahindi. Kikohozi kilitoka chini ya sakafu.

"Kafungue lile tundu," Verna akanong'ona.

"Kuvu irudi? Unataka kunizika?"

Wakakaa, wakasikiliza. Kikohozi kikawa mkoromo. Mkoromo ukafifia. Kimya.

Kesho yake waliniita, nikaingia uvunguni na tochi, Dewey nyuma yangu. Nailoni ilikuwa kavu. Utepe haukubanduka popote. Ila chini ya pale penye meza, nailoni ilikuwa imevutwa, ikagandamana na umbo la uso wa mtu. Paji. Pua. Mdomo wazi. Dewey akaichana kwa kisu. Chini yake palikuwa na udongo mtupu.

Siku hiyohiyo alilizibua tundu. Sasa anakohoa tena, na kila mwezi anazidi kukonda.

Kile kipande cha nailoni kiko bandani kwangu, maana Verna hataki kukiona wala hataki kitupwe. Upande uliolalia udongo, pale mdomoni, pana mvuke. Naufuta kwa kidole. Unarudi.